Maharagwe ya Ghorofa

Kabla hujamuona ulimnusa. Umekaa ndani unachambua mchele, jua limeshaelekea magharibi, mara inakuja harufu ya vitunguu vilivyokaangwa kwa siagi, na mtaa wetu mzima wa Langoni hakuna aliyekuwa akikaangia siagi. Halafu kikohozi. Halafu viatu vyake vya turubai, vimepakwa chokaa mpaka vinakwaruza. Ndipo anatokea Bwana Mpishi mwenyewe, kanzu nyeupe, kofia ya kushonwa kwa mkono, aproni imekunjwa kwapani, anashika ndia kwenda kwake taratibu. Akikuta watoto wamejaa kichochoroni anawaambia, "Pisheni, Serikali inapita!" Serikali yenyewe ilikuwa imebaki ofisini na makaratasi yake. Yeye alikuwa akiipikia tu.

Kwa haki ya Mungu nilitakiwa nimwite baba. Mkewe, Bi Mwanaesha, ndiye aliyeninyonyesha pamoja na bintiye mkubwa wakati mama yangu alipokuwa hoi kitandani, na sisi kwetu aliyekupa ziwa ni mama, na mumewe ni baba, hujifuniki mbele yake wala hukimbii akipiga hodi. Nyumba zetu ziliungana kwa wikio, kile chumba kinachopita juu ya ndia kutoka nyumba hii mpaka ile, kwa hiyo nilikuwa nikiingia kwao bila kuvaa viatu, na mengi niliyoyaona vinginevyo nisingeyaona. Lakini nani alimwita baba? Wanawe wenyewe walimwita Bwana Mpishi. Mkewe naye, akitaka kumuudhi, alimwita Bwana Mpishi kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini.

Aliwapikia maofisa katika ile nyumba kubwa ya Serikali, ofisa mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wazungu, wakaondoka. Ukaja Uhuru, akaja mtu wa bara. Bendera ilibadilika, picha ya ukutani ikabadilika, Bwana Mpishi hakubadilika hata kifungo. Nilimuuliza siku moja kama kuwapikia Waafrika wenzake ni tofauti na kuwapikia wazungu. Akafikiri sana, akasema, "Wote wanachelewa mezani."

Chakula kilichompa jina kilikuwa kimoja. Mke wa ofisa mmoja wa kizungu alikuwa na watoto wasiokula samaki. Jamani! Wanakaa Lamu, samaki wanaletwa mlangoni wangali wanapiga mikia, wao wanataka maharagwe. Basi yule mama akamfundisha. Chemsha maharagwe mpaka yalainike, nusu yaponde, nusu yaache. Kaanga kitunguu na nyanya, changanya. Chukua bakuli pana la kuokea, tandika vipande vya boflo, ule mkate wa dukani, mwaga maharagwe, kwaruza jibini juu yake. Tandika tena, mwaga tena, kwaruza tena, mpaka bakuli liseme basi. Tia kwenye oveni mpaka juu pawe pekundu, kisha wazazi na watoto wakae meza moja wale. Ndiyo hayo tu. Kazi yenyewe mtoto anaiweza. Lakini ukimsikia Bwana Mpishi akiieleza utadhani anajenga nyumba ya mawe. "Hii sakafu," atakwambia, kiganja kimelala hewani. "Hizi boriti. Hii dari. Sakafu nyingine. Ukiharakisha nyumba inaanguka." Watu wa mtaani wakakipa jina: maharagwe ya ghorofa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiona, achilia mbali kukila, lakini kila mtu alijua kina tabaka ngapi.

Na hapa ndipo palipokuwa na kichekesho. Mtu huyu aliyejulikana kwa upishi, nyumbani kwake hakujua chumvi inakaa wapi. Akitaka maji aliita. Akitaka kahawa alikohoa. Jiko la nyumba ile lilikuwa juu kabisa, kidari cha meko tunakiita, na kidari cha meko kilikuwa cha Bi Mwanaesha kama vile ofisi ilivyokuwa ya ofisa. Na Bi Mwanaesha si mpishi wa kubahatisha. Mikate yake ya maji ilikuwa laini kiasi cha kuona jua ukiiinua, na mkate wake wa sinia, ule wa mayai unaopaliwa makaa juu na chini, uliitwa kwa jina lake mpaka mtaa wa Mkomani. Mwenye harusi alikuwa haweki siku kabla hajamuuliza yeye.

Sasa weka wapishi wawili nyumba moja, kila mmoja na sifa zake, halafu usikie. Hawakugombana kwa makelele. Waligombana kwa kunyamaza. Bwana Mpishi akimaliza kula alifuta mdomo, akasema, "Alhamdulillahi," akanyanyuka. Basi. Wali wa nazi ungekuwa wa kumfanya mtu alie, yeye Alhamdulillahi. Pilau la Idi, Alhamdulillahi. Bi Mwanaesha aliniambia tukiwa juu tunakuna nazi, na mbuzi ya kukunia ilikuwa ikilia chini yake kwa hasira, "Tangu aniowe hajaniambia kitamu. Atasema Alhamdulillahi. Na Alhamdulillahi ni ya Mungu, mwanangu, si yangu!"

Na yeye Bi Mwanaesha je? Alikuwa hajamwambia mumewe neno lolote la sifa kwa sababu alikuwa hajaonja kitu cha mkono wake. Angeonjea wapi?

Kulikuwa na jingine ambalo mtaani hawakulijua, na mimi nililijua kwa kuwa nilimuuliza. Bwana Mpishi mwenyewe hakuwahi kuionja ghorofa yake. Hata ukoko. Katika jiko la Serikali hakuwa akitia kitu mdomoni isipokuwa maji, tena kwa kikombe chake alichokwenda nacho na kurudi nacho. "Vijiko vile havina dini," aliniambia. "Asubuhi kimegusa nguruwe, mchana kinakoroga supu. Nitaonjaje?" Basi alipika kwa pua na masikio. Alisogeza pua juu ya sufuria, akafumba macho, akasema, "Chumvi bado." Alitega sikio kwenye mlango wa oveni mpaka nyusi zikaungua, akasema, "Imenyamaza. Imeiva." Nikamwambia mpishi asiyeonja ni kama kinyozi kipofu. Akanitazama kwa huruma. "Pua," akasema, "ndiyo ulimi wa mwenye dini."

Pua hiyohiyo ndiyo iliyomtia mashakani Ramadhani moja.

Ofisa alipata wageni wa ghafla. Bwana Mpishi akaambiwa apike ile ghorofa, na maharagwe yalikuwa mabichi guniani, na maharagwe mabichi hayatishwi na Serikali. Akakumbuka nyumbani. Akaja mbio, viatu vya turubai vinarusha chokaa, akamkuta Bi Mwanaesha amelala kidogo baada ya sala ya adhuhuri, akapanda juu kidarini, akaona sufuria ya maharagwe yameiva vizuri, yametulia. Akanusa. Alikuwa na saumu, na saumu, alikuja kujitetea baadaye, inaziba pua. Akabeba sufuria na mfuniko wake akaenda zake.

Yale yalikuwa maharagwe ya futari. Yalipikwa kwa tui zito, sukari na iliki.

Sisi huku adhana ya magharibi imelia, tende tumekula, maji tumekunywa, Bi Mwanaesha anapanda kuteremsha futari. Tukasikia mifuniko inagongana. Halafu tukasikia, "Wanangu, sufuria imekwenda wapi?" Alipekua kidari kizima. Alimshuku paka, akamwomba radhi. Siku ile tulifuturu uji wa jana. Kisha mlango ukafunguliwa akaingia Bwana Mpishi, uso umemeremeta, sufuria tupu mkononi. "Wamelamba bakuli!" akasema. "Bi Mkubwa wa kizungu amekuja mpaka jikoni. Anasema haijapata kuwa tamu namna ile. Aniuliza nimetia nini, sikuwa na jibu!"

Bi Mwanaesha aliitazama ile sufuria yake. "Sukari na iliki, Bwana Mpishi," akasema. "Umetia futari ya wanangu."

Kisha akaapa. Aliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, mkono umeshika nguzo ya mlango, kwamba maadamu yu hai, Bwana Mpishi hatapanda kidari chake cha meko, si kwa mwiko, si kwa upawa, si kwa kuomba moto. Na yeye hakuwa mtu wa kuapa ovyo. Bwana Mpishi aliondoka kwenda kuswali. Kuanzia kesho yake Bi Mwanaesha aliwaambia wanawake wa mtaa mzima, "Nyinyi mwapikia waume zenu. Mie nimepikia Serikali."

Nisije nikamfanya Bwana Mpishi mtu mnyonge, hasha. Alikuwa na majivuno ya kutosha kugawa. Alikuwa akikataa kula arusini akiona wali umemwagwa bila mpangilio, "Hilo si jambo la kuliwa, hilo ni maporomoko." Hakuamini mtu anayekula amesimama. Alikuwa mkarimu kupita kiasi kwa watu wa mbali na bahili kwa watoto wake, halafu ukimpigia kelele analia. Aliogopa popo. Aliwafundisha wajukuu kushika kisu na uma kwa kutumia vijiti na ndizi mbivu, na siku moja nilimkuta amewapanga kiwandani, ule uwazi wa katikati ya nyumba ambapo jua linaingia, kila mmoja na ndizi yake mbele, anawaambia, "Kata. Chovya. Funga mdomo. Tafuna. Sasa sema asante." Watoto wakasema asante kwa ndizi.

Ni mke wa yule ofisa wa bara aliyemvuruga. Mama mpole, Mkristo, mcheshi, aliyependa kuingia jikoni akakaa kwenye kigoda akaongea. Siku moja akiwa anakula ghorofa na wanawe akamwita. "Mpishi, tamu sana hii. Na kwako watoto wanaipenda?"

"Sana, mama," akamjibu.

Alinihadithia mwenyewe jioni ile, amekaa kwenye ngazi ya wikio, aproni magotini. Sijapata kumuona vile. "Nimesema uongo," akasema. "Nimesema uongo juu ya chakula. Watoto gani? Wanangu wamekua, wameoa, wameolewa, wana watoto, hakuna aliyekula tonge la mkono wangu. Nimelisha watu ambao majina yao siwezi kuyatamka. Wangu mwenyewe nimewalisha mshahara." Nikamwambia mshahara si haba. Akatikisa kichwa. "Nataka siku moja nyumba yangu ile kwa mkono wangu. Na yule mwanamke aliye juu aseme neno moja. Moja tu. Nikifa bila kulisikia nitakuwa nimepika bure."

Basi nikajua anachokitaka, na nikajua pia kwamba kati yake na neno lile kuna ngazi ya kidari na kiapo.

Magoti yalimstaafisha. Ofisa naye alikuwa akihamishwa, na yule mama alipofungasha vitu akampa Bwana Mpishi lile bakuli la kuokea na jibini nzima, duara, imevikwa nta nyekundu. Iliingia Langoni kama bibi arusi, watoto nyuma. Bi Mwanaesha akaitazama akauliza hilo ni nini. Akaambiwa maziwa. "Maziwa ya mnyama gani mwekundu?" Akaikataa kidarini. Ikatundikwa kiwandani ndani ya kikapu, na wajukuu wakawa wakiisukuma ibembee, na paka wa nyumba ile, kijivu mwenye sikio moja lililokatika, akawa akikaa chini yake kutwa anaiomba.

Ili mtu asije kusema neno, Bwana Mpishi aliichukua mpaka kwa mwalimu wa chuo chetu cha Kurani kumuuliza kama ni halali. Mwalimu akachunguza, akauliza imetengenezwaje, akainusa, akairudisha upesi. "Kisharia sina neno nayo," akasema. "Kwa pua ninalo." Akamuuliza pia juu ya kiapo cha mkewe. Mwalimu akasema kiapo kinaweza kuvunjwa, lakini lazima kitolewe kafara, masikini kumi walishwe. Bwana Mpishi akafurahi: masikini hao si atawalisha ghorofa? Mwalimu akakitazama tena kikapu chake. "Masikini nao," akasema, "wana haki zao."

Bi Mwanaesha hakuvunja kiapo. Jibini ikaendelea kubembea. Ikapita pepo ya kusi, ikaja ya kaskazi, joto likaja na kaskazi, nayo ikakauka, ikajikunja ndani ya nta yake, ikawa ngumu ya kugonga hodi.

Wakati huo mimi nilikuwa nimehamia Faza, mume wangu amepata kazi ya kufundisha huko. Nikaletewa salamu na bintiye, yule ndugu yangu wa ziwa: "Ndoo kwetu Alhamisi. Bwana Mpishi apika." Nikauliza apika wapi. Nikajibiwa, "Kiwandani. Kiapo kilitaja kidari, hakikutaja kiwanda." Nikafunga nguo zangu siku hiyohiyo. Safari ya baharini ilinitapisha, lakini ningekwenda hata kwa kuogelea.

Nilimkuta amezeeka. Kanzu ileile, mabega mengine. Lakini viatu vilikuwa na chokaa mpya na aproni ilipigwa pasi. Amepanga kila kitu juu ya mkeka: maharagwe aliyoyachemsha tangu asubuhi kwa jiko la makaa la seredani, vitunguu, nyanya, jibini imevuliwa nta. Bakuli la kuokea, wajukuu walikuwa wameshalivunja zamani, kwa hiyo alitumia sufuria pana. Na oveni? Hakuna oveni. Ana seredani moja, makaa yapo chini, juu hakuna. Maisha yake yote ya kazi moto ulimzunguka wenyewe.

Bi Mwanaesha alikuwa juu, ameinamia ukingo wa dari anatazama kiwandani. Walikuwa hawasemezani tangu aliposikia juu ya upishi huo. Kwetu mtu akimnunia mwenziwe haachi kusema. Anasema na mwingine. Yeye akasema na paka.

"Wee paka," akaita kutoka juu, "hebu muulize mwenye seredani, moto wa juu atautia lini? Au ghorofa ya juu watakaa na baridi?"

Bwana Mpishi hakuinua kichwa. "Paka, mwambie aliye juu kwamba oveni haina haja ya kutiwa moto wa juu."

"Paka, mwambie hiyo si oveni. Hiyo ni sufuria yangu."

Ndugu yangu wa ziwa na mimi tuliumana mabegani tusicheke. Halafu likaja jingine: mkate wa boflo haukupatikana. Kijana aliyetumwa dukani alirudi mikono mitupu, jahazi la unga halijaja. Bwana Mpishi akasimama na upawa wake. Maharagwe yako tayari, jibini iko tayari, hana kitu cha kutandika.

Bi Mwanaesha akaondoka ukingoni. Kisha tukasikia chapachapa, ule mlio wa unga mwepesi unapigwa, na harufu ya mikate ya maji ikashuka ngazi. Mjukuu akateremka na sinia limefunikwa kawa. Mikate imejaa, ya moto, myembamba, ile ya kuona jua.

"Paka!" sauti ikaita. "Mikate hiyo ni yako. Ukitaka kumuazima mtu ni shauri yako."

Bwana Mpishi alimtazama paka. Akainama, akamwambia, "Ahsante." Akaanza kujenga. Sakafu. Maharagwe. Nilimuona akitia chumvi kwa mkono, kiasi kilekile cha siku zote, pua juu ya sufuria, macho amefumba. Jibini akaikwaruza kwa jasho, ikatoka unga kama chokaa. Sakafu tena. Alipomaliza, akaweka sufuria motoni, akafunika, akasimama pembeni kutega sikio. Ndipo Bi Mwanaesha aliposhuka. Hakumtazama mtu. Alishika bati lenye makaa, akapunguza ya chini nusu, akayapanga ya juu kwenye mfuniko moja moja kwa koleo, ya pembeni mengi, ya katikati machache. Kisha akakaa kwenye kigoda.

"Imenyamaza," Bwana Mpishi akasema baadaye. "Imeiva."

"Haijaiva," akasema Bi Mwanaesha, naye alikuwa akimwambia yeye, si paka. "Ngoja."

Akangoja.

Baada ya sala ya magharibi tukakaa. Wakwe walikuwa nje dakani, kwenye baraza la mlangoni, wakapelekewa sahani yao. Sisi ndani, mabinti, wajukuu, mimi, Bi Mwanaesha mbele ya wote. Bwana Mpishi hakukaa. Alisimama, kitambaa cheupe mkononi, akatugawia kipande kimoja kimoja, kimekatwa mraba, tabaka zinaonekana zote. Ilipendeza, wallahi. Juu pekundu, kando panachuruzika. Wajukuu wakasema asante kama walivyofundishwa kwa ndizi.

Nikasema Bismillahi, nikatia tonge.

Chumvi! Mwenyezi Mungu aniwie radhi, nilidhani nimekunywa maji ya mkondo wa bahari. Ile jibini ilikuwa imebembea miezi yote ile mpaka maji yote yameitoka, imebaki chumvi, na juu yake ametia ya mkono. Mato yalinitoka. Nikamtazama ndugu yangu, naye amefumba yake. Kutoka dakani tukasikia mtungi wa maji unagongwa, kisha unagongwa tena, na sahani ikarudi imefunikwa kawa vizuri, na salamu kwamba wameshukuru sana, wameshiba. Mjukuu wa kati akafungua mdomo aseme. Bi Mwanaesha akamtazama mara moja, mdomo ukafunga.

Tukabaki sote tunamtazama yeye. Bwana Mpishi naye anamtazama, kitambaa amekikunja na kukikunjua. Mwanamke ambaye aliwahi kurudisha biriani ya harusi kwa sababu ya karafuu moja ya ziada. Alichukua tonge, akalitafuna. Akachukua jingine. Hakukunja uso. Alikula mdogo mdogo mpaka sahani ikawa nyeupe, kisha akaisukuma mbele.

"Niongeze," akasema.

Upawa uligonga ukingo wa sufuria mara mbili ndipo ukaingia. Akamtilia. Akala tena, chote, mpaka unga wa jibini ulioanguka pembeni akauokota kwa kidole.

"Kitamu," akasema.

Bwana Mpishi aligeukia ukuta, akajifuta uso kwa kile kitambaa cha mezani. Nami nililia, sioni haya kusema, ingawa kwa upande wangu chumvi nayo ilisaidia.

Kisha mjukuu mdogo, yule asiye na akili ya kunyamaza, akasema, "Babu, wewe mbona huli?"

"Pua yangu imekula," akasema Bwana Mpishi.

"Kijiko hiki kina dini, babu. Ni chetu."

Bwana Mpishi akakitazama kijiko. Bi Mwanaesha akasema upesi, "Mwache babu yako, hana mazoea." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akimwogopea. Lakini Bwana Mpishi alikuwa ameshavuta kigoda, ameshakaa, amejitilia kipande. Akasema Bismillahi. Akatia mdomoni chakula chake mwenyewe, cha kwanza maishani.

Taya zikasimama.

Akameza. Alinyoosha mkono akachukua gilasi ya maji, akainywa yote. Akaitazama sufuria. Akaitazama sahani ya mkewe, nyeupe. Sisi tulikuwa tunatazama mkeka, na paka peke yake ndiye aliyekuwa akitazama watu. Bwana Mpishi akaweka kijiko chini, akafunua ghorofa yake kwa vidole, akachomoa kutoka tabaka ya katikati kipande cha mkate wa maji, akakipangusa, akakila peke yake, polepole.

"Bi Mwanaesha," akasema. "Mikate yako mitamu."

Bi Mwanaesha alikuwa amevuta mtandio mpaka machoni, anakusanya sahani ambazo hazikuwa na haraka ya kukusanywa.

"Alhamdulillahi," akajibu.